Kosa la Kumi la Kisimajongoo

Hapo zamani, kabla ya mikeka ya plastiki, na kabla watu hawajaona kukaa chini kuwa ni unyonge, palikuwa na mji wa pwani ya Mrima ulioitwa Kisimajongoo. Si Kisima cha Jongoo, wala Kisimani kwa Jongoo, kama walivyouandika baadhi ya wapita njia. Kisimajongoo, neno moja. Mji huo ulijulikana kwa mambo mawili: mikeka yake, na majivuno ya watu wake juu ya mikeka hiyo.

Mikeka ilikuwa mizuri. Hilo halina ubishi. Majivuno ndiyo yaliyokosa msingi. Mitindo yote ya mikeka ya Kisimajongoo ilikuwa kumi na mmoja, na yote ilibuniwa na wanawake waliokwisha kufa. Kwa miaka sitini hakuna mtu mjini mle aliyebuni hata fundo la kufungia mbuzi. Hata hivyo, mgeni akifika, kila mtu humwambia, "Sisi ndio mafundi," kama mtu anayejisifia ndevu za babu yake.

Desturi yao ilikuwa hii: mtindo wa mkeka uliitwa kwa jina la aliyeubuni. Si jina la utani wala la ukoo, bali jina lake mwenyewe. Ndiyo maana bi arusi aliambiwa, "Kaa juu ya Mwana Zawena, mwanangu, upate kheri," na mgonjwa alilazwa juu ya Mwana Nguma. Zawena mwenyewe alikuwa amekufa miaka tisini nyuma. Hakuacha mtoto, na kaburi lake halikujulikana. Lakini haikupita siku jina lake lisitajwe.

Na mkeka wa mtindo usio na jina? Haukaliwi. Hata paka akiulalia, hufukuzwa. Mkeka wa namna hiyo hungojewa Ijumaa tatu. Usipopata jina, hufumuliwa, miyaa ikarudi kuwa miyaa, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa membamba, ambayo hayana fahari yoyote.

Mwenye kazi ya kufumua alikuwa Barke binti Mbwana. Alipokuwa msichana, sufuria ya rangi inayochemka ilimmwagikia mkono wa kulia, vidole vitatu vikakakamaa kama tangawizi. Mkono wa namna hiyo hauwezi kusuka. Unaweza kufumua. Basi kila mwanamke aliyekosea ukili wake, ule ukanda mrefu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa mkeka, alimpelekea Barke aufumue, asipoteze miyaa. Alikuja ameuficha chini ya leso, akanong'ona, "Si wangu huu, ni wa jirani."

Barke alichukua sindano yake butu akafumua. Miaka thelathini na miwili alifumua. Makosa ya mji ule aliyajua yote kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake: yalikuwa tisa. Mwanamke akosee usiku au mchana, awe na homa au na hasira, kosa lake lilikuwa moja katika yale tisa. "Watu hawa," aliwaza Barke, "hata kukosea wameiga."

Mume wake alikufa kabla mwaka wa ndoa haujaisha. Mtoto hana, ndugu hana. Alijua vizuri kwamba jina lake litatajwa siku ya maziko yake, na tena basi. Hakulalamika. Lakini kila harusi, alipomsikia Zawena anatandikwa, alirudi nyumbani kabla wali haujaletwa.

Sasa, jirani yake alikuwa Somoe binti Khatibu, na mume wa Somoe alikuwa Shekue bin Mwinyifaki. Shekue hakuwa na kazi inayojulikana, ila alikuwa na mawazo. Kila asubuhi aliketi barazani kwake akayatoa.

"Mikeka yetu yote imesimama!" alisema. "Mtazame Mwana Zawena: amesimama. Mtazame Mwana Nguma: amesimama. Mimi nataka mkeka unaokwenda. Utiririke, kama maji juu ya mchanga!"

"Utasukwaje huo, bwana?" waliuliza wapita njia.

"Hiyo ni kazi ya vidole. Mimi nimekwisha kuuona."

Akasema hivyo miaka saba. Katika miaka hiyo saba hakushika hata muyaa mmoja, isipokuwa siku aliyouchukua kuchokolea meno.

Asubuhi moja Somoe alikuwa amekaa nyuma ya mlango, anasuka ukili wa miyaa myeusi na myekundu, na mumewe nje ameanza.

"Shekue," aliita Somoe, "kuni zimekwisha."

"Utiririke, nasema!"

"Kuni, Shekue!"

"Kama maji..."

"Na maji nayo yamekwisha!"

Katika purukushani hiyo mkono wa Somoe uliupitisha muyaa mweusi chini ya mitatu badala ya miwili, na ukaendelea hivyo shubiri nzima kabla macho hayajarudi kwenye kazi. Somoe alipoona alichokifanya alimlaani mumewe, na mkindu, na siku aliyozaliwa yule aliyeanza kusuka. Akaficha ukili chini ya leso, akaenda kwa Barke.

"Somo yangu, nifumulie huu. Si wangu, ni wa jirani."

"Jirani yako ni mimi," alisema Barke.

Akachukua sindano, akatazama. Mstari mweusi ulikuwa umetoka njiani mwake, ukainama, ukauvuka mwekundu, kisha ukarudi taratibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Barke aliugeuza ukili. Akaupeleka juani. Akaulowesha maji, akautazama tena. Alilitafuta kosa lile katika yale tisa, la kwanza mpaka la tisa, kisha la tisa mpaka la kwanza. Halikuwemo. Moyo wake ulianza kupiga kama wa mtu aliyesikia anaitwa, naye hajui nani anamwita.

"Sifumui," alisema.

"Toba! Kazi yako ni nini basi?"

"Kazi yangu ni kufumua makosa. Hiki sijui ni nini."

"Mimi najua ni nini, ni aibu! Nipe nifumue mwenyewe."

Lakini Barke alikwisha kuondoka na ukili mkononi, Somoe nyuma yake anamwomba angalau aufunike, watu wasiuone.

Alikwenda nyumbani kwa Mishi binti Makame. Mishi alikuwa msukaji bora wa mji. Katika maisha yake hakuwahi kumpelekea Barke ukili hata mmoja, na hakuacha mtu asijue hivyo. Alipoletewa ule wa Somoe aliushika kwa ncha za vidole.

"Hili ni kosa, Bi Barke."

"Najua. Lifanye tena."

"Nifanye kosa? Mimi?"

"Lifanye mpaka liwe na adabu."

Mishi alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa siku kumi na moja hakutoka nje. Alihesabu, akasuka, akakatakata, akahesabu tena. Kosa la Somoe lilitokea mara moja. Ukilirudia, ukili ulipinda kama mkia wa nguruwe. Siku ya kumi na moja Mishi aligundua kwamba kila muyaa wa saba uliopitishwa chini ya mitatu lazima ulipwe juu ya mmoja unaporudi. Hapo ukili ukanyooka, na mstari ukaendelea kuinama na kurudi. Alisuka pima arobaini. Akazishona kili ukingo kwa ukingo, mstari ukapokea mstari, akautandika mkeka uani.

Ulikuwa unakwenda. Ulitiririka kutoka ukingo mpaka ukingo kama maji juu ya mchanga. Kuku wa Mishi walifika ukingoni wakasimama, wakakataa kuukanyaga.

Mji mzima ukaja kutazama, na mji mzima ukasema ulijua tangu zamani kwamba jambo hili litatokea. Wale waliokuwa wakimcheka Shekue walisema waliwahi kumsikiliza. Wale waliokuwa wakimjia Barke kwa mlango wa uani wasionekane walimwita shoga yao. Na palipoulizwa mkeka uitwe kwa jina la nani, pakatokea wanne, na kila mmoja akasema, "Wangu."

Shauri lilipelekwa kwa mkuu wa mji, Jumbe Mwinyikai bin Haji. Huyu alikuwa na sifa moja ya kuwa Jumbe, nayo ni kwamba baba yake alikuwa Jumbe. Ijumaa ya pili tangu mkeka ushonwe, baada ya sala, mkeka ulitandikwa mbele ya nyumba yake, watu wakauzunguka, Jumbe akasema, "Haya, semeni, lakini msirefushe, nina usingizi."

Shekue akasimama. "Jumbe, miaka saba nimesema: mkeka unaokwenda, kama maji juu ya mchanga. Ni nani hapa hakunisikia?"

"Tumekusikia mpaka tumeumwa masikio," walijibu watu.

"Basi mkeka ndio huu. Niliutaka kabla haujakuwapo. Bila mtu wa kutaka, vidole hufanya nini? Husuka yaleyale. Na kosa lenyewe, Somoe alilifanya kwa sababu yangu mimi."

"Hilo kweli," alisema Somoe, naye akasimama. "Na kuni zilizokwisha ni kwa sababu yako, na paa linalovuja ni kwa sababu yako, mbona hayo huyadai? Jumbe, mkono uliosuka kitu hiki kwa mara ya kwanza chini ya jua ni huu. Si wa Mishi, si wa mtu mwingine. Wanasema sikukusudia. Mvua nayo haikusudii, na mpunga huota. Katika maisha yangu nimepata jambo moja tu bila kulitafuta, na sasa naona watu wazima wamevaa kanzu wanataka kuninyang'anya."

Mishi hakusimama. Alisema akiwa amekaa, mgongo umenyooka. "Somoe alikosea shubiri moja, akaona haya. Shekue alipiga kelele. Nani kati yao angeweza kuniletea hata ukingo wa mkeka huu? Ule ukili ulikuwa hauwezi kurudiwa, Jumbe. Kitu kisichoweza kurudiwa si mtindo, ni ajali. Mimi ndiye niliyeufanya uwe mtindo. Na Bi Barke hapa..." Alimtazama Barke bila chuki, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Bi Barke alisema neno moja. 'Sifumui.' Hata kasuku huweza."

Watu wakacheka. Barke aliwaacha wamalize. Alikwisha kuzoea kuwangojea watu wamalize.

"Neno ni moja, kweli," alisema. "Lakini kasuku hajui alitaje lini. Mimi nimefumua kili za mji huu miaka thelathini na miwili. Makosa yenu ni tisa, nayajua, na wenyewe nawajua, na baadhi ni wake za wazee walioketi hapo mbele."

Wazee walioketi hapo mbele waliacha kucheka.

"Somoe alikuwa na kitu hiki mkononi, akakiona ni aibu. Mishi alikishika, akakiona ni kosa. Shekue kilisukwa nyuma ya mgongo wake, hakugeuka. Miaka saba analilia mkeka, na mkeka unazaliwa mlangoni kwake, yeye anataja maji! Nani aliuona? Kama ningefanya kazi yangu siku ile kama ninavyofanya kila siku, leo mngekuwa mmelala."

Jumbe, ambaye kwa kweli alikuwa karibu kulala, alifumbua macho. Mtu asiyejua la kusema akiwa na cheo huamuru mtihani. "Nyote nendeni mkafanye tena mlichofanya," alisema. "Atakayeweza Ijumaa ijayo, jina ni lake." Watu wakamsifu kwa hekima.

Shekue alikwenda barazani kwake, na katika siku saba akatoa mawazo arobaini: mkeka unaoimba, mkeka unaocheka, mkeka wa duara wenye pembe nne. Waliomsikiliza walirudi nyumbani na kichwa kinauma.

Somoe aliketi kukosea. Alikosea kwa bidii kutwa kucha. Alimlazimisha hata mumewe amkalie karibu na kupiga kelele. Lakini kila alipokusudia kukosea, macho yalikuwa yanatazama, na mkono unaotazamwa hukosea kwa adabu. Yote aliyoyapata yalikuwa yale tisa.

Mishi alisuka mkeka wa pili uliotiririka kuliko wa kwanza. Alipoambiwa, "Huo tumeuona, lete mpya," alijifungia, akatoka na Mwana Zawena aliyebadilishwa rangi.

Na Barke aliletewa kili zote zilizokosewa mjini juma lile, pamoja na rundo la Somoe. Alizitazama moja moja juani. Akazifumua zote.

"Kwa hiyo hukufanya kitu," alisema Jumbe Ijumaa ya tatu.

"Nimefanya kazi ileile, Jumbe. Nimetazama. Hapakuwa na kitu."

Watu walicheka tena, wakawacheka wote wanne. Loo, walifurahi! Hakuna kinachomfurahisha asiyewahi kubuni kitu kama kumwona aliyebuni ameshindwa mara ya pili. Mmoja akasema pengine mkeka ulijisuka wenyewe. Mwingine akataka uitwe kwa majina yote manne. Wakajaribu kuyatamka, mmoja wao akijifanya mgeni anayengoja kutandikiwa, "Tandika Shekue-Somoe-Barke-Mishi," na kabla hawajamaliza, mgeni huyo alikwisha kuchoka kusimama akaondoka zake.

Ndipo mpambe wa Jumbe, Athumani bin Kombo, alipoinuka. "Waungwana, hawa wamekosana na mtihani wameshindwa. Mkeka umetandikwa mbele ya nyumba ya nani? Uitwe Mwinyikai."

Vigelegele vikapigwa. Jumbe alijaribu kuonyesha kwamba hakulifikiria kabisa jambo hilo, na akaonyesha vibaya.

Kushindwa na Mishi, Barke angeweza kukuvumilia, hata na Shekue. Lakini bi arusi wa mwaka kesho, na wa miaka mia ijayo, akalishwe juu ya Mwinyikai?

"Jumbe naye ana haki," alisema kwa sauti. "Sote tulianza kwa kutofanya kitu. Ni yeye peke yake aliyedumu nako."

Kwanza alicheka Shekue. Kisha Somoe, kisha Mishi, ambaye hakuna aliyejua kwamba huweza kucheka vile. Halafu mji mzima ukapasuka, maana watu wa Kisimajongoo walicheka upande wowote upepo ulikovuma. Jumbe alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Basi!" alipaza sauti. "Leo ni Ijumaa ya tatu, na mimi sitaki tena mkeka wenu. Mna muda mpaka alasiri. Nitajieni jina moja mnalokubaliana nyote. Mwadhini akiadhini jina halijapatikana, desturi ni desturi. Na mwenye kazi ya kufumua tunamjua."

Zikazuka kelele. Waliosema Mishi walipigiwa kelele na waliosema Somoe. Waliosema Shekue walikuwa wawili, na mmoja wao ni Shekue. Kila mtu alijua kwa hakika nani hakustahili. Hakuna aliyejua nani alistahili. Barke aliketi chini, kando ya pembe ya mkeka, mahali uzi wa kushonea ulipofungwa, na wote watatu wakaja wakasimama karibu yake bila kuitwa.

"Bi Barke," alisema Mishi polepole, "mimi nikifa watasema nilikuwa na mikono mizuri. Mikono tu. Hata punda husifiwa miguu."

"Mimi watasema nilikosea," alisema Somoe.

"Mimi watasema nilisema," alisema Shekue, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba hakuongeza neno.

Barke alikuwa anautazama mstari mweusi unavyoinama na kurudi. Mkono wake mbovu ulikuwa umeshika sindano.

Enyi mliosikiliza mpaka hapa, mwadhini amekwisha kupanda ngazi, na fundo la mkeka limo mkononi mwa Barke. Msijibu kwa pupa, kama watu wa Kisimajongoo. Msiseme "wote": wote si jina, na hakuna bi arusi aliyewahi kukalishwa juu ya Wote. Wala msimsingizie Mungu. Yeye hakuja barazani kwa Jumbe kudai. Tajeni mmoja, kwa jina lake na la babaye: Shekue bin Mwinyifaki aliyeutaka, Somoe binti Khatibu aliyeukosea, Barke binti Mbwana aliyeuona, au Mishi binti Makame aliyeusuka. Je, nani alistahili mkeka ule uitwe kwa jina lake?